Tepu ya Baba

Miaka yangu yote ya shule sikuwahi kukimbia. Kipindi cha michezo kilipofika, mimi nilikuwa mlinzi wa viatu na masweta ya wenzangu, na kazi hiyo niliifanya kwa heshima zote. Kwa hiyo nilipoona tangazo kwamba jeshi litawalipia ada yote watakaosomea udaktari wa meno, kisha wawatumikie wanajeshi kama maafisa kwa miaka minane, nililisoma kwa furaha hadi mstari wa mwisho, nikashika tama. Kilomita mbili na mita mia nne, kwa dakika kumi na nne.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na mwisho wa kupokelewa ulikuwa miaka hiyo hiyo. Kwa miaka minne nilikuwa nimesimama kando ya kiti cha mgonjwa nikimpa daktari koleo na pamba, nikijua jino litasumbua kabla yeye hajaligusa. Chuo kilishaniita mara mbili, na mara mbili nafasi ikapita kwa kukosa ada. Hii ilikuwa ya mwisho, nayo ilitegemea miguu iliyozoea kusimama tu.

Baba hakushtuka. Yeye ni fundi cherehani, na kwa fundi kila shida huanza kwa kupimwa. Asubuhi ya pili yake aliuzunguka ukuta wa maghala nyuma ya mtaa wetu, amepiga magoti, tepu mkononi, akitia alama za chaki kipande baada ya kipande mpaka akapata mita mia nne.

"Mizunguko sita," alisema akijipangusa vumbi. "Mimi yangu nimemaliza. Iliyobaki ni yako."

Niseme jambo kuhusu tepu hiyo. Ilikuwa ya kitambaa, na alikuwa ameivaa shingoni miaka ishirini na miwili. Mteja aliyepimwa dukani, nguo ilimkaa kama amezaliwa nayo. Lakini aliyeleta vipimo kwenye karatasi, vilivyochukuliwa na fundi mwingine, suruali ilimfagilia sakafu. "Watu wanaongopa urefu wao," Baba alikuwa akisema, nami nilimwamini, maana watu wanaongopa mengi.

Wiki ya kwanza nilimaliza mizunguko miwili nikaukumbatia ukuta. Shangazi yangu, anayeuza mitumba mlango wa pili, alitoa kiti nje apate kutazama vizuri.

"Mwanangu, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kaa na meno yako."

"Haya, Shangazi. Na yako yakikuuma usinitafute."

Mwezi wa tatu nilimaliza yote sita bila kusimama, kwa dakika kumi na saba. Mwezi wa tano nikafika kumi na tano. Kisha nikafika kumi na nne na sekunde ishirini na tano, na hapo nikagota. Nilibadilisha viatu, nikabadilisha chakula, nikabadilisha hata namna ya kupumua. Sekunde ishirini na tano zilikaa palepale kama mgeni asiyejua kuaga.

Siku mbili kabla ya jaribio nilivirusha viatu chini ya meza ya kukatia.

"Siendi, Baba. Nikaaibike mbele ya watu wenye mapaja kama magogo?"

Baba alikata uzi kwa meno, jambo nililomkataza mara mia. "Nguo iliyo mezani huwezi kujua kama inatosha," alisema. "Nenda ukaivae."

Nikapiga moyo konde, nikaenda.

Uwanjani walituachia kwa filimbi, na kila mtu akanipita. Sikuangalia saa. Niliangalia mgongo wa dada mmoja mwenye fulana nyekundu, nikamfuata kama deni, na mzunguko wa mwisho nikampita. Sajini, mama mnene mwenye sauti kavu, alisoma saa yake. "Kumi na tatu, hamsini na moja."

"Samahani, afande, naomba urudie."

"Binti, nikirudia ndiyo itaongezeka?"

Nilikaa kwenye nyasi nikalia mbele ya watu wote, na sikuona haya hata kidogo.

Barua ya kupokelewa ilikuja na fomu ya vipimo vya sare. Baba alinisimamisha wima dukani, akanipima urefu, akaandika sentimita mia na hamsini na tano. Nikamwonyesha karatasi ya daktari wa jeshi: mia na sitini na moja.

"Hata jeshi linaongopa?" aliuliza.

Nikaleta rula yangu ya shule, tukaitandaza tepu mezani. Rula tano kamili, sentimita mia na hamsini. Tepu ilionyesha mia na arobaini na nne. Ilikuwa imevutika. Kila mzunguko wangu ulikuwa na mita kumi na sita za bure.

Baba alikaa. "Wale wote niliowaita waongo," alisema, kisha akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Halafu akaiokota. "Na wewe nimekutesa."

"Umenivusha, Baba."

Kesho yake alinunua tepu mpya, akanipima upya kifua, kiuno na mguu, akajaza fomu kwa mwandiko wake wa polepole. Kisha akanivalisha hiyo mpya shingoni, na ile kuukuu akairudisha shingoni mwake.

"Bado unaitaka?" nikashangaa.

"Wateja wangu wote wameandikwa daftarini kwa hii. Nikiiacha, mtaa mzima utabanwa. Wewe chukua mpya, unaenda kwa watu wa karatasi." Alirudi kwenye cherehani, akaweka mguu, lakini hakushona. "Na ukija likizo, Afisa, njia ya maghala ni ileile. Sikupunguzii hata hatua."