Mihuri Miwili Kwenye Barua Moja

"Nani kafuta barua za Wajerumani?" Mzee Ephraimu aliuliza, na jicho lake lilikuwa limeshatua kwa Nice.

Wageni kumi na wawili kutoka Ujerumani, wa kupanda Mlima Meru, walikuwa wameandika mara mbili bila kujibiwa. Asubuhi hiyo walipiga simu kusema wamepata kampuni nyingine ya utalii, kule Sakina. Na aliyekuwa akifungua barua pepe za ofisi na kuchapa kwenye karatasi zile za wateja wa kweli ni Nice, mpika chai wa ofisi, peke yake.

"Sijafuta, mzee."

"Huyu kaishia darasa la saba," alisema Ndesanjo, fundi wa kompyuta, bila hata kugeuza shingo. "Nilikwambia, mzee. Kichujio changu cha barua taka hakina kosa. Nimekijenga kwa mkono wangu."

Wimbo huo Nice alishauchoka. Fundi wa kwanza, Hans, aliweka kichujio cha kuzuia barua taka, zile za matangazo ya ovyo, kutoka kwenye sidii, kifurushi kilichokwisha kutengenezwa, dakika kumi akaenda zake. Ndesanjo alipokuja alicheka. Huo ni unga wa dukani, alisema, mimi nasaga mahindi yangu. Akashikilia laini ya simu siku mbili nzima akivuta mtandaoni chanzo cha programu mpya. Aliahidi kukiondoa cha Hans kwanza, ndipo ajenge chake. Akajenga. Habari ya kuondoa haikusikika tena.

"Kusanya vitu vyako," Mzee alimwambia Nice. "Kesho usije."

Nice hakulia. Alivuta faili la barua alizochapa, akaweka mbili mezani.

"Mzee, tazama hapa juu, kwenye haya maandishi madogo yasiyosomwa na mtu. Barua ikichujwa inapigwa muhuri wenye namba ya toleo la kichujio. Hii ni ya wakati wa Hans: mbili nukta sita. Hii ni ya juzi. Hesabu mihuri mwenyewe."

Mzee alivaa miwani. "Mbili nukta sita. Na tatu nukta sifuri."

"Mihuri miwili. Cha Hans bado kinafanya kazi."

"Wewe unajua nini, mpika chai?" Ndesanjo alifoka.

"Najua namba. Hata darasa la kwanza wanafundisha."

"Fungua," Mzee alisema.

Ndesanjo aligonga vitufe, shingo imemlowa jasho. Kichujio cha Hans kilikuwa na pipa lake la kutupia barua, pipa ambalo Nice alilikagua kila asubuhi hadi Ndesanjo alipoliondoa kwenye kioo cha kompyuta ya Nice akisema halipo tena. Lilikuwepo. Ndani yake zilijaa barua arobaini, na barua zote mbili za Wajerumani zilikuwemo.

Mzee Ephraimu hakumwomba Nice radhi. Alivua miwani tu. "Kiondoe hicho cha Hans," alimwambia Ndesanjo. "Sasa hivi."

"Mwambie huyu asogee, basi," Ndesanjo alinung'unika.

Nice alivuta kiti, akakaa bega kwa bega na Ndesanjo.

"Andika taratibu nione, kaka," alisema. "Kesho haijafika. Sijafukuzwa bado."