Benchi la Fundi wa Kola

Saa nne asubuhi fundi aliegemeza simu kwenye kopo la vifungo, akaingia mubashara, akatandaza kola ya shati ili aifumue. Kola iliyochakaa hufumuliwa, ikageuzwa, upande mzima ukaja juu. Alifundishwa na mama yake, na mtaa mzima hakubaki mwingine anayeijua kazi hiyo.

Watazamaji waliingia mmoja mmoja wakaketi kwenye benchi, kama kawaida yao. Walikuwa tisa. Mmoja alikuja na taulo na povu masikioni, maana simu yake haimwachi hata bafuni. Wa kumi alikuwa mama yake fundi, aliyefariki miaka mitatu iliyopita na hakuwahi kukosa hata siku moja.

Benchi lilikuwa la watu ishirini. Fundi alikuwa amejiapiza kwamba lisipojaa kufikia Jumamosi, cherehani ingeuzwa, naye angekwenda kufua nguo za watu kwa shangazi yake. Leo ndiyo ilikuwa Jumamosi.

"Kabla hujafumua, tia alama katikati," aliwaambia. "Ukisahau hapo, kola itakwenda upande."

Ndipo mwigizaji maarufu naye alipoingia mubashara. Wiki iliyopita aliwavuta kwa kumenya chungwa tu. Watazamaji wakainuka, wakapita ukutani bila hata kuaga. Mama alisitasita kidogo, akamtazama bintiye, kisha akawafuata.

Roho ilimuuma fundi vibaya sana. Alimaliza kushona, maana shati lilikuwa la mteja, halafu akafungua simu aone kilichomshinda safari hii.

Akajikuta ameketi sakafuni, sebuleni kwa mwigizaji, kastabini bado kidoleni. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Mwigizaji alikuwa anageuza kola. Maneno yote yalikuwa ya fundi, hata lile lake la kila siku, "taratibu, halikimbii". Ila alifumua bila kutia alama. Fundi akanyoosha mkono. Hakuna aliyegeuka.

Mstari wa mbele, mama yake alimsogezea nafasi.

"Mama, hajatia alama."

"Nimeona, mwanangu. Kaa tu. Huku kuna watu."

Akakaa. Wenzake walipopiga makofi, naye akapiga.

Jumatatu alianza kufua kwa shangazi. Mashati ya kwanza kuletwa yalikuwa arobaini, na kola zote zilikuwa zimekwenda upande.