Neno Lililombakia Baba

“Fiti,” alisema baba, akageuza uso ukutani.

Daktari wa upasuaji akashusha pumzi. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye haraka, na tangu tumjue hatukuwahi kumwona amekaa. “Haya, vizuri. Mzee amekubali tukate,” akamwambia muuguzi. Kaka yangu naye akafuta jasho, akaanza kutafuta kalamu kwenye mfuko wa shati utadhani yeye ndiye wa kutia sahihi.

“Hajakubali,” nikasema.

Wote watatu wakanitazama. Baba hakunitazama. Mguu wake wa kushoto ulikuwa nje ya shuka, vidole vyeusi, weusi wenyewe umeshatambaa hadi katikati ya unyayo, na harufu yake ilikuwa imeishinda dawa yote waliyopigia deki asubuhi ile.

“Dada, nimemsikia kwa masikio yangu,” daktari akasema. “Amesema fiti.”

“Amesema fiti, ndiyo. Lakini hiyo ni fiti ya kumfukuza mtu.”

Kaka akanishika mkono, tena si kwa upole, akanitoa nje.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Baba alikuwa fundi cherehani, na neno hilo la Kiingereza alilipata kwa fundi aliyemfundisha kazi, ambaye naye sijui alilitoa wapi. Lilikuwa neno la kufungia kila nguo. Mteja anatoka nyuma ya pazia, nguo ingali na bandi, zile nyuzi za kushikizia kwa muda. Baba anamzunguka na pini mdomoni, anavuta bega, anapapasa kiuno, anarudi hatua moja nyuma. Akikaa kimya, nguo inarudi mezani. Akisema “Fiti” kwa sauti ya chini, karibu ya kujisemea mwenyewe, basi nguo imempata mwenyewe. Nimeona watu wazima wakitoka pale dukani wanatembea wima zaidi kwa ajili ya neno lile.

Halafu neno likatoka kwenye nguo, likaingia kila mahali. Chai ikikolea sukari, fiti. Mlango ulioacha kukwaruza sakafu baada ya seremala kuupunguza, fiti. Akiulizwa hali, akiwa na homa ya kutetemesha kitanda, fiti. Mama, enzi za uhai wake, alikuwa akiwaambia wageni kwamba ameolewa na mwanamume mwenye neno moja na visingizio vingi.

Nilipoanza sekondari nililitafuta kwenye kamusi nikakuta limekalia karibu ukurasa mzima. Nguo kuenea mwilini. Mtu kuwa na afya. Kustahili jambo. Kufunga kitu mahali pake. Hata kuanguka kifafa, hata kupandwa na hasira, vyote humohumo. Nikambebea baba kamusi hadi kwenye cherehani nikamsomea. Alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. “Maskini Waingereza,” akasema, “kwani wana maneno mangapi, mpaka hili moja lifanye kazi za wenzake wote?”

Nilikuwa nimeshaolewa, nimeshaachika na kurudi kushona naye pale dukani, kiharusi kilipomkuta. Kilimkuta amekaa palepale, mguu kwenye kanyagio. Kikachukua mkono wa kulia, kikaulegeza mguu wa kulia, kikachukua maneno yote. Yote isipokuwa lile. Daktari wa wakati ule alitueleza kwamba mambo hayo hutokea: akili ya mtu inabaki salama, anachotaka kusema anakijua, ila njia ya kukitolea imeziba, na neno moja tu ndilo linapita. Baba alifumbua macho akatutazama, mimi na kaka. Alitaka kusema jambo refu, lilionekana machoni kwamba ni refu. Midomo ikahangaika. “Fiti,” akasema. Akashtuka. Akajaribu tena, “Fiti, fiti,” machozi yakaanza kumtoka, nami nikalia naye. Kaka alitoka nje ya wodi.

Mwanzoni niliona ni kejeli. Neno lililokuwa likisema mambo yamekaa sawa, ndilo limebakizwa kwa mtu ambaye hakuna lililokaa sawa. Lakini tulikuwa tunashinda pamoja, na pole pole nikaanza kusikia. Fiti ya kukatika ilikuwa maji. Iliyoburutwa ilikuwa maumivu. Iliyopanda mwishoni ilikuwa swali, na mara nyingi swali lenyewe lilikuwa kama nimekula. Ilikuwepo ya kumtania jirani yetu muuza vipuri, na ya kuitukana redio wakati wa taarifa ya habari. Ilikuwepo moja laini aliyoisema mbele ya picha ya mama, ambayo sikumtafsiria mtu. Na ilikuwepo ile nzito, fupi, uso umegeuzwa pembeni. Hiyo nilikuwa nikiijua tangu utotoni. Alikuwa akimpa mteja aliyeleta kitambaa cha sketi akitaka ashonewe suti. Maana yake ilikuwa: peleka kwingine.

Tukarudi kazini. Alikanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto, akaongoza kitambaa kwa mkono wa kushoto, mimi nikawa mkono wake wa kulia. Waliokuja kwa kumwonea huruma walirudi kwa sababu ya kola zetu. Fiti moja tu ndiyo haikurudi, ile ya kufungia nguo, ya kujisemea mwenyewe. Nguo ikikamilika alitikisa kichwa, basi. Nilidhani labda amelichosha neno kwa kazi nyingine.

Kaka alifanya kazi mji mwingine, kwenye kampuni ya bima. Alikuja kila alipopata nafasi, na kila alipokuja alikaa karibu ya baba, akamsikiliza, kisha akaniuliza mimi, “Amesemaje?” Akanibandika jina la Mkalimani. Siku moja aliniambia, huku akicheka bila kufurahi, “Wewe anakueleza habari. Mimi ananiambia fiti, kama mteja.” Ilikuwa kweli.

Kisha kikaja kidonda kwenye kidole, mguu uleule wa kushoto, na sukari mwilini ikakizuia kupona.

Kwa hiyo tulikuwa kwenye korido ya hospitali, mimi na kaka, mkono wangu bado ameushika.

“Sema amekubali,” akaninong'oneza. “Nani atajua?”

“Yeye atajua.”

“Basi ajue akiwa hai! Mimi hicho ndicho ninachotaka, ajue akiwa hai. Wewe unataka nini?”

Nilitaka hivyohivyo. Nisije nikaonekana shujaa, mimi nilikuwa naogopa, na nilikuwa tayari kuubeba mguu ule mwenyewe hadi chumba cha upasuaji. Ila kwa miaka yote ile baba hakuwa na mdomo mwingine duniani zaidi ya wangu. Mdomo huo nao ukimdanganya, angebaki na nini? Nikarudi wodini nikamwambia daktari kwamba mzee amekataa.

Daktari hakukasirika. Alinieleza taratibu, mbele ya baba, kwamba nyama iliyokufa haikai mahali pamoja, inapanda. Leo angeweza kukata chini ya goti. Goti likibaki, mtu huvaa mguu wa bandia akatembea, hata akakanyaga cherehani yake. Kesho, hajui. Akafunika mguu akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Kaka alikuwa amekaa kwenye benchi, uso kwenye viganja. “Ukishamzika,” akasema bila kuinua kichwa, “utamtafsiria nani?”

Alasiri nilikwenda dukani kumchukulia baba shuka safi. Mezani kulikuwa na gauni la mteja, limepigwa bandi, linasubiri mwenyewe aje kulijaribu, na juu yake kipande cha chaki. Nilisimama pale na shuka mkononi. Baba alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza hata kwa wateja wakubwa wakubwa: mkasi haugusi kitambaa mpaka mwenye mwili aone chaki imepita wapi. Alikuwa akiwashikia kioo kabisa, waone mpaka mgongoni. Na sisi tulikuwa tumeuzungumza mguu wake siku nzima, daktari na muuguzi, kaka na daktari, mimi na wote, na hakuna hata mmoja aliyemwonyesha ni wapi. Nilijichukia, mimi niliyejifanya namjua. Nikachukua chaki, tepu na kioo.

“Hatuchori kwa chaki, dada,” daktari akaniambia kesho yake asubuhi.

“Najua. Leo mchoree kwa chaki.”

Alinitazama, akatazama saa, akaja. Nilimwinua baba kwa mito, kaka akashika kioo, akakiinamisha hadi mguu wote ukaonekana. Daktari akapiga mstari mweupe chini ya goti, nafasi ya kiganja. “Hapa, mzee,” akasema. “Goti lako nakuachia.”

Baba akaomba tepu. Nikashikilia ncha kwenye goti, yeye akaivuta hadi kwenye mstari, akasoma namba, akakunja uso akifikiri. Hakuna aliyemharakisha. Kisha akaitwaa chaki mkononi mwa daktari, akaipitisha juu ya mstari uleule mara ya pili, kwa nguvu, mpaka chaki ikavunjika. Akaegemeza kichwa kwenye mto akautazama kwa mbali.

“Fiti,” akasema.

Ilikuwa ile. Ya chini, karibu ya kujisemea. Nililia waziwazi mbele ya wodi nzima, wala sikuona haya.

“Amesemaje?” kaka akauliza.

“Amekubali. Mpaka hapo.”

Walikata juu ya goti.

Daktari alitoka na barakoa imeshuka kidevuni, na kwa mara ya kwanza nikamwona amekaa. Walipofungua walikuta imeshapanda, akasema. Wangefuata mstari wangemrudisha wodini na kifo chake. Nikamuuliza, je, jana? Akaivua barakoa. “Pengine jana ilikuwa bado chini. Pengine hata jana ilikuwa imeshapita. Nikikwambia najua, nitakuwa nakudanganya.” Nilimshukuru. Sijui hadi leo nilimshukuru kwa lipi.

Baba alipozinduka, mkono wake wa kushoto ulishuka juu ya shuka kulitafuta goti. Ulitafuta, ukarudi juu, ukashuka tena. Nilimwambia mwenyewe, sikumwachia mtu. “Baba, mstari haukutosha. Ilikuwa imeshapanda.” Akanitazama kwa muda mrefu. Nikangoja neno, lolote, hata lile la kufukuza, ningelipokea. Hakusema.

Hakusema siku ile, wala wiki ile, wala tulipomrudisha nyumbani. Alitaka maji, alinyoosha kidole. Aliumwa, alifumba macho. Mtu mwenye neno moja alikuwa ameliweka chini, na nyumba ilinyamaza kwa namna ambayo sikujua nyumba inaweza kunyamaza. Nilikuwa nikimpitia mbele mara kwa mara nikimuuliza hiki na hiki, ilimradi tu. Muuza vipuri alikuja kumtania, akaondoka ameinamisha kichwa.

Kaka aliomba likizo akahamia kwetu. Alimwogesha baba, akamgeuza, akamsomea gazeti lote mpaka matangazo. Hakuna siku aliyoniambia kwamba alinionya. Kuna nyakati nilikuwa jikoni nikitamani aje aniambie, tugombane, yaishe. Alikuja, akachukua beseni lake la maji ya moto, akarudi chumbani.

Kidonda kilipofunga, nikaanza kupunguza suruali za baba. Ya kwanza ilikuwa ile ya kijivu aliyojishonea mwenyewe. Nilimpelekea kwanza chaki aione imepita wapi. Aliitazama, akatazama pembeni. Nikakata. Nikapiga bandi, nikamwita kaka aje anishikie mzee, tumjaribishe.

Kaka alimpitishia mikono kwapani akamsimamisha, kifua kwa kifua, baba ameegemeza kidevu begani kwake. Mimi nilipiga magoti sakafuni, pini mdomoni, nikawa nakunja pindo mahali ambapo mguu ulikuwa unaishia. Kioo tulikuwa tumekiegemeza ukutani. Baba akajitazama humo. Alijitazama kutoka juu hadi chini, kama alivyokuwa akiwatazama wateja, na mkono wake wa kushoto ukashuka, ukapapasa pindo, ukapima kwa vidole, ukarudi juu, ukashika shati la kaka kwa nyuma.

“Fiti,” akasema sikioni mwa kaka.

Nilisimamisha mikono. Haikuwa ya maji. Haikuwa ya maumivu, wala ya picha ya mama, wala ya kufukuza, wala ile ya kwenye mstari. Nilizipitia zote, mimi niliyezijua kuliko mtu yeyote, na hii haikuwamo. Juu yangu nikamsikia kaka akivuta pumzi kwa shida.

“Ndiyo, Baba,” akasema. “Ndiyo.” Akambana zaidi.

Nikatoa pini mdomoni, moja moja, nikainua uso.

“Amesemaje?” nikauliza.

Kaka alikuwa ameweka shavu kichwani kwa baba, hakunisikia.