Wiki ya Saba Baada ya Kuanguka

Tupokigwe alikuwa mtunza farasi kwenye shamba moja la wageni huko Nkunga. Wiki saba zilikuwa zimepita tangu lori la chai lilipopiga honi nyuma yake barabarani, farasi aliyempanda akaruka, naye akaangukia nyonga kwenye lami. Sasa kutoka kitandani hadi mlangoni kulimchosha kuliko kuchuma chai kutwa nzima.

"Leo tufike kwenye migomba," mama yake alimwambia, akimpa magongo.

"Mama, nimechoka. Nimechoka hata kuambiwa pole."

Mama alimshika kiuno, wakatoka polepole, wakipumzika kila hatua chache. Walipofika migombani, mama akamkalisha juu ya majani makavu, na hapo Tupokigwe akaangua kilio, yeye ambaye hakulia hata siku ile alipovunjika.

"Gwe, wewe Tupo, lia tu," mama alisema, akiketi kando yake. "Hakuna anayetufukuza."

Alilia mpaka machozi yakamwishia, akalaza kichwa mapajani mwa mama. Walikaa vile hadi manyunyu yalipoanza.

"Nishike, mama," alisema. "Twende."