Kijiko cha Kwanza

...na hili nalo limechorwa farasi anayeruka ua, miguu yote minne hewani, mkia umechanwa vizuri kama nywele za mwali, haya, Bibi Harusi wangu ataruka ua gani yule, hata kizingiti cha banda anakivuka kama shahidi anayeitwa mahakamani, anasimama, anawaza, anainua mguu, anaurudisha, mpaka nimtukane kidogo ndipo atoke, kwani hawana kopo lenye farasi kikongwe aliyesimama tu akiutazama ukuta, hilo ningelichukua bila maswali, lakini binti yangu ameshavaa miwani yake ya kazini na amelipakata kopo kama mtoto mchanga, "Mama, sikiliza, hili lina glukosamini, lina na kile kingine cha kulainisha viungo, kuna mafuta ya mbegu za kitani, na ladha yake ni ya tufaha," na muuza duka kule nyuma ya kaunta anaitikia kwa kichwa, "Hilo wanalipenda sana, bibi, wanalamba ndoo mpaka chini," wanalipenda, nani aliwauliza, mimi nimezaa na kulea na mpaka leo sijui huyu aliyesimama kando yangu anapenda nini, sembuse mnyama... lakini nimenyamaza, nimekuja kununua, sikuja kugombana, ingawa huwa naviweza vyote viwili kwa pamoja, harufu ya duka hili ndiyo inayonifunga mdomo, ngozi mpya, pumba, dawa ya kupe, mafuta yale meusi ya kupaka kwato, mume wangu alinuka hivi hivi tangu tulipooana mpaka nilipomzika, nilikuwa namfukuza kitandani akaoge, anaoga, anarudi ananuka farasi aliyeoga, na sasa nimesimama kati ya magunia pua yangu inatafuta kama mbwa aliyepotezwa sokoni, inakwenda kona ile ya hatamu, inarudi, naiambia hayupo, haisikii, macho yameshazoea, masikio nayo yanajizoeza, pua haina adabu, bado inatoka kumpokea mlangoni... "Mama, unanisikia kweli," nakusikia, "basi tuamue, gari nimeliegesha vibaya," ungeliegesha vizuri, nani alikukimbiza, na wewe ndiye uliyesema tuje, uliyesema tatizo ni ladha, Mama, unga ule wa zamani ni mchungu, tumtafutie mtamu atakula, ukasema kwa sauti ile unayowasemea wateja wako, na mimi nikavaa viatu nikaja kwa sababu mvua ziko karibu na sina wazo jingine, mvua ndizo zinazoniogopesha, yule daktari wa mifugo aliinama akambonyezabonyeza Bibi Harusi magoti kama mtu anayechagua maparachichi, akasema viungo vimekauka, bibi, akila unga wa viungo kila siku atatembea, asipoula, ardhi ikiwa tope atateleza siku moja na hatainuka, na sitamwacha ateseke, nitakuja na sindano, alisema kwa upole, mikono ameshaiosha, nikamwambia asante kama aliyeniletea sukari... na unga upo, hilo ndilo linaloniudhi, kopo zima lipo nyumbani, napasha maji, nauchanganya kwenye pumba, nakoroga vizuri, namwekea ndoo mbele yake, ananusa, anainua kichwa, ananitazama, na hanitazami machoni, ananitazama mdomoni, kama kiziwi anayengoja useme, nangoja na mimi, tunangojana hapo vikongwe wawili, halafu anageukia ukuta, majani anakula, maji anakunywa, ndoo hagusi, tangu mwenyewe azikwe hagusi, na halali tena, daktari alinieleza kwamba farasi akiogopa kwamba hataweza kuinuka, basi halali kabisa, anasinzia wima, akanieleza kama habari ya ajabu sana, nikamwambia simshangai, mimi mwenyewe nalala kwenye kiti...

"Na hili hapa je, hili ni la lishe, la kuongeza mwili," binti yangu ameshalirudisha la kuruka ua, sasa ameshika jingine, la bluu, "labda kwanza tumrudishie hamu ya kula, viungo baadaye," na muuza duka anasema viungo na lishe havigombani, dada, ila anza na kimoja ili ujue kipi kimesaidia, na binti yangu anacheka, "Tungempa na Mama, ona alivyokonda," na yule naye anacheka, "Wanadamu waende duka la dawa la jirani, hapa tunatibu wenye kwato tu," wanacheka juu ya kichwa changu kama nimo kwenye gunia, sijakonda, nguo ndiyo imelegea, na hata nikikonda nakondea kwangu... ila sipiki tena, huo ni ukweli, yaani napika, mkono haujui kupika kidogo, sufuria linajaa kama zamani, halafu nasimama tu na mwiko, nangoja, kuku ndio wanaonenepa nyumba ile, kwa sababu yeye alikuwa na tabia chafu, anaingia jikoni na buti zake, hajakaribishwa, anafunua sufuria, anachovya kidole, nampiga na mwiko, analamba, anasema chumvi imekimbia, Bosi, au anasema hapa umeua, hakuna neno la katikati, na nilimchukia kwa kidole kile, miaka yote nilikichukia, na sasa mwiko uko mkononi na hakuna mkono wa kupiga, chakula kinapoa, nakitazama nacho kinanitazama, hakuna anayesema ni chumvi au nimeua, mtu atakula vipi kitu ambacho hakijasemwa neno... mimi aliniita Bosi, mwone, na farasi akamwita Bibi Harusi, majirani walicheka mbavu, jina zuri akampa mwenye mkia, eti kwa sababu ndiye anayevuta gari la maharusi, gari lile jeupe la magurudumu makubwa, nilikuwa nalifunga utepe usiku wa kuamkia harusi, na koti lake la vifungo vya dhahabu nilishona mimi, likambana tumboni nikalipanua, likambana tena, nikamwambia punguza tumbo kitambaa kimekwisha, anaketi juu na mjeledi asioutumia hata siku moja, anaongea na masikio ya yule farasi njia nzima, maharusi nyuma wanabusiana yeye anaongea na masikio, taratibu mama, hapo kuna shimo, ee mrembo, na mimi nimesimama kando ya barabara na watu wengine kama sijui ni mume wa nani, naona wivu juu ya farasi, mwanamke mzima, halafu watu wakapenda magari marefu yenye vioo vyeusi, gari letu likaoza chini ya mkorosho, koti likaliwa na nondo, Bibi Harusi akawa hana kazi ila kuzeeka, tukazeeka wote watatu, yeye na farasi kwa magoti, mimi kwa ulimi...

"Mama, chumba chako nimeshakitandika," hilo amelisema chinichini, kana kwamba limedondoka tu, "kina dirisha, sikuharakishi, mambo yakikaa sawa tu," mambo yakikaa sawa, amelelewa vizuri, hasemi farasi akifa, anasema mambo yakikaa sawa, na dirisha, analitaja dirisha kila mara kama mimi nakaa pangoni, ananipenda huyu, najua, na chumba ni kizuri, nimekiona, kinanuka sabuni, pua yangu itafanya nini mle... Bibi Harusi ndiye anayenizuia pale, akienda yeye nakwenda mimi, hilo tunalijua sote wawili na hatujalitamka, ndiyo maana tunasoma makopo kwa bidii hivi, yeye anasoma ili nibaki, Mungu ambariki, anasoma kinyume cha dirisha lake mwenyewe, maskini, nikitazama ncha ya pua yake inavyotoa jasho chini ya miwani namwona baba yake akifunga hatamu... "Kwani mzee alikuwa akimpa lipi," anamwuliza muuza duka, na muuza duka anavuta ngazi ndogo, anapanda, anashusha kutoka rafu ya juu, anapangusa vumbi kwa kiwiko, lile lile, la kijivu, limechorwa kichwa cha farasi tu, tena kibaya, kama cha mbuzi, "Hili, siku zote hili, mimi nilimwambia mzee wangu, sasa yapo mazuri zaidi, chukua la tufaha, akalinusa, akakataa, akasema lile tamu linamkwama kooni," na binti yangu anasema, "Linamkwama nani, farasi au yeye," na wanacheka tena, maana kila mtu alijua, muuza duka alijua, majirani walijua, mume wangu alikuwa anakula dawa ya farasi, sikumficha mtu, nilimtangaza mimi mwenyewe kisimani, asubuhi yuko jikoni unga mweupe umemganda kwenye masharubu, namwambia umelamba tena, anasema viungo ni viungo Bosi, magoti hayajui nani ana mkia, namwambia utaota kwato, anapiga mguu chini mara mbili kama farasi, anatoka, anacheka, na nilijua anafanya kwa ajili ya magoti yake, kwa ubahili, ili asiende kwa daktari wa watu, ilikuwa hivyo, nasikia kutoka jikoni, kreti linageuzwa, anakalia, kifuniko kinafunguka, kijiko kinagonga ukingo wa kopo, kimya, kikohozi, "karibu mama," halafu ndipo meno ya Bibi Harusi yanaanza kusaga, ile sauti kama mtu anayetembea juu ya kokoto, kila asubuhi ya Mungu, kijiko, kimya, kikohozi, karibu mama, kokoto, hiyo ndiyo saa niliyoamkia, nikisikia kokoto najua naweza kutia majani ya chai, na sasa asubuhi haina mlango, sijui inaanzia wapi... kijiko, kimya, kikohozi... linamkwama kooni... ngoja kwanza... anakohoa kabla ya kokoto, yeye kwanza... ile siku ya homa, alipolala hawezi hata kushika kikombe, nikapeleka ndoo mimi, nanung'unika njia nzima, akaita dirishani kwa sauti ya homa, "onja kwanza wewe," nikadhani anaweweseka, nikamjibu onja wewe, wewe ndiye unayependa, nikaiweka ndoo chini nikarudi kumfuta jasho, na jioni ndoo ilikuwa imejaa vilevile, nikasema farasi naye ana homa... onja kwanza wewe, hakuwa anaweweseka yule mtu, alikuwa ananipa kazi, kwa sababu Bibi Harusi alipokuja kwetu alikuja na hofu, mwenye naye wa mwanzo alimfichia dawa ya minyoo kwenye chakula ikamchoma tumbo karibu afe, tulihadithiwa, hakula kwetu mpaka tukakata tamaa, halafu siku moja akala, mume wangu akaingia ndani anajipangusa mdomo, anasema amekubali, sikumwuliza amekubalishwa na nini, nilikuwa na sufuria jikoni, nani ana muda... ndiyo maana ananitazama mdomoni, mjinga mimi, nilidhani anamtafuta yeye nyuma ya mgongo wangu, nikaona uchungu, nikamwambia hayupo, na mimi simwoni, acha kunichungulia, kumbe hakumtafuta mtu, alikuwa ananingoja mimi, kila asubuhi naweka ndoo nasimama na mdomo umefungwa kama mlango wa mdeni, naye ana subira kuliko mimi, anangoja mpaka achoke, ndipo anageukia ukuta...

"Mama, basi la tufaha au hili la zamani," binti yangu anauliza, makopo yote mawili yapo juu ya kaunta, muuza duka ameweka mkono huku na mkono kule, hajaondoa hata kimoja, na mimi bado nimesimama palepale kati ya magunia, wanadhani nasoma maandishi, sisomi, nawaza kile kijiko, sikukiosha na sikukitupa, kinaning'inia kwenye msumari wa banda, nilikiona siku ya maziko, kina alama ya meno ukingoni, nikakiacha, sikujua nakiachia nini, kesho nitaligeuza lile kreti nikae, tumbo langu tupu ndilo zuri zaidi kwa hilo, nitakohoa vizuri asikie, na sitamwita mama, mimi si mama yake, nitamwambia hapa chumvi imekimbia, mwenzangu, lakini kula.