Jina la Nyumbani

Lori la Herman lilikuwa limeshaiacha Katesh, mimi nimekaa juu ya magunia ya maharage, mlima Hanang unabaki nyuma taratibu kama ng'ombe aliyegoma, simu ikalia. Nilikuwa naelekea Singida. Kufanya nini, hata mimi sikujua. Nikilala nyumba moja muda mrefu miguu huanza kuwasha.

"Shikamoo babu. Ni Fabiola wa steshenari. Umefika wapi?"

"Marahaba. Nimefika njiani."

"Shuka, babu. Mama Gerald yuko hapa tangu asubuhi, ananikomoa."

Niligonga bodi. Herman akasimama, akanitukana kwa upole kama kawaida yake, na kabla sijakumbuka begi langu akawa ameondoka nalo.

Mama Gerald ni mjane wa rafiki yangu Gidamis. Mimi Mmbulu, yeye Mbarbaig. Tulikutana minadani, miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mwenye fimbo akawa dalali. Baadaye, tulipokwisha kupewa mkoa wetu wenyewe, Gidamis alikuja na wazo kwamba wanawake wa kijiji cha Masakta wauze mikoba yao ya ngozi kwa watu wa mbali, kwa tovuti. Nilicheka. Lakini nilimsindikiza Babati siku ya kuifungua. Mashine ikamwuliza swali la usalama: baba yako anaitwa nani? Akaandika kwa kidole kimoja, anatabasamu peke yake. Mimi nilikuwa naangalia mabasi. Siku zote nilikuwa naangalia mabasi.

Sasa Gidamis alikuwa kaburini, na kampuni iliyotunza tovuti ilikuwa imehamisha vitu vyake kwenda seva nyingine. Njiani mafaili yakapotea, na ruhusa ya kuingia ikapotea nayo. Ndani kulikuwa na ujumbe wa mnunuzi aliyeagiza mikoba ya msimu mzima, na anwani yake haikuwa mahali pengine popote. Ngozi zilikuwa zimeshalainishwa, zimejaa nyumbani kwa Mama Gerald, wadudu wameanza kuzinusa.

Nilirudi Katesh kwa miguu, nikamkuta kwenye benchi la steshenari, amejifunika shuka mpaka kidevuni.

"Nimeshakosea mara mbili," Fabiola akasema. "Nimeweka jina la baba lililoko kwenye kitambulisho cha marehemu, nikaweka na la ukoo. Ya tatu ikikataa, inafunga kabisa. Na huyu mama jina analijua, ila hasemi. Sijui anaona nitamwibia."

"Wewe umekulia Bashay, mila hii huijui," nikamwambia. "Huyu ameolewa kwa Wabarbaig. Mke hataji jina la baba mkwe. Hata neno linalofanana nalo analikwepa, anatafuta jingine."

Fabiola akamgeukia. "Mama, nisamehe. Ungeniambia."

"Ningekuambiaje, na wewe unaongea tu?" Kisha akanigeukia. "Shemeji, wewe ulikuwepo. Aliandika lile la nyumbani, mzee alilopewa na mama yake."

Hilo sikulijua. Mimi yule mzee nilimwita Mzee. Gerald, kijana wao, alikuwa Kiteto na ng'ombe, simu haipatikani.

Mama Gerald aliitazama mikono yake. "Shemeji, kidole nacho ni mdomo?"

Nimetembea nchi hii mpaka viatu vinanijua kwa harufu, lakini sijakaa mahali kiasi cha kujibu swali kama lile.

"Nikiandika, litaonekana?" akamwuliza Fabiola.

"Hapana mama. Vinatokea vidoti tu."

"Hata wewe huoni?"

"Hata mimi."

Akaikazia macho mashine. "Kwa hiyo na yenyewe hailitaji." Akasimama. Herufi alizijua, alijifunza kwenye kisomo cha watu wazima kanisani. "Geukeni."

Tukageuka. Mbele yangu barabarani likapita basi la Singida, kiti cha dirishani kitupu. Nyuma yangu kitufe kililia, kimya, kingine kikalia, kimya kirefu zaidi. Basi likaenda. Sikuligeuzia shingo.

"Imefunguka," Fabiola akanong'ona.

Picha zote zilikuwa zimepotea. Ujumbe wa mnunuzi ulikuwepo.

"Sasa mama, badilisha jibu. Weka jina lako mwenyewe, utakalokumbuka."

Mama Gerald akacheka kidogo, mara ya kwanza siku ile. "La kukumbuka ninalo. Geukeni tena."

Jioni nilikaa stendi bila begi. Jina langu, Sulle, lilikuwa limeitwa siku nzima, na Herman, na wapiga debe. Hakuna mwanamke duniani anayelikwepa.

Mikoba iliuzwa. Fabiola alihamishia duka Babati. Herman aliligawa begi langu Singida, akidhani nimekufa. Mama Gerald macho yamechoka, tovuti amemwachia Fausta, mke wa Gerald. Nasikia Fausta naye, mkwe wa Gidamis, kabla ya kuingia, huwaomba watu wageuke. Mimi niko Haydom, mpaka Jumapili.