Mfamasia wa Ukutani

Mwanangu Okuonzi aliniomba neno moja tu: ndiyo au hapana. Binti yake mdogo, Juliet, alikuwa amepata nafasi ya kusomea ufamasia kama dada yake Driciru, na fomu ilipaswa kurudishwa Ijumaa. Katika nyumba yetu ya Adumi, hakuna mtoto anayepelekwa chuoni kabla mimi sijasema. Nami sikuwa na haraka ya kusema. Sijawahi kuelewa kwa nini mtu asome miaka minne ili asimame nyuma ya kaunta na kuuliza, "Nikupe ngapi?" Muuza sabuni huuliza swali hilohilo, wala hakwenda chuo.

Jumanne nikasafiri hadi Koboko bila kumwarifu yeyote, ili niione kazi ya Driciru kwa macho yangu.

Duka la dawa alilotuambia anafanyia kazi lilikuwa safi, hilo sikatai. Ukutani, ndani ya fremu ya rangi ya dhahabu, kilitundikwa cheti chenye jina la mjukuu wangu kwa herufi kubwa. Nyuma ya kaunta alisimama mwanamume wa makamo aliyevaa koti jeupe lililombana mabegani.

"Karibu, mama. Nini inauma?"

"Hakuna kinachoniuma. Namtaka mfamasia."

"Daktari iko. Ametoka kidogo tu, anakuja sasa hivi."

"Basi nitamsubiri."

Nikaketi kwenye benchi. Saa tatu ikawa saa nne, saa nne ikawa saa tano. Yule mwanamume, ambaye wateja walimwita Robert, akaanza kunitazama kama mtu atazamavyo paa linalovuja.

"Mama, labda daktari amechelewa benki."

"Benki haitembei. Atarudi."

Kumbe katika duka lile, ugonjwa hautajwi, hutajwa rangi. "Nipe ile ya njano." "Nipe ile ya bluu, ile ndogo." Robert alichota vidonge koponi kwa kijiko, akavitia katika kimfuko, akachora juu yake mistari miwili, mmoja wa asubuhi na mmoja wa jioni. Nikamuuliza alijifunzia wapi kazi hiyo. Akanijibu bila haya kwamba kabla ya hapo aliuza vipuri vya pikipiki.

"Ile ilikuwa na namba mingi, mama. Hii ni rahisi."

Karibu na saa sita akaingia Stella Kiden, mwanamke wa Sudan Kusini, mwenye mimba ya miezi sita hivi, akitembea huku ameushika ubavu.

"Nipe ile rangi mbili, nyekundu na njano. Mama mkwe anasema ni mzuri kwa mgongo."

Robert akaunyoosha mkono kwenye kopo.

"Je, mwenye mimba humeza hizo?" nikauliza kutoka benchini.

"Watu wananunua, mama."

"Sikuuliza wanachonunua."

Akageuka akakitazama cheti, kana kwamba jina lile lingemnong'oneza jibu. Halikumnong'oneza.

"Njoo uketi hapa, mwanangu," nikamwambia Stella. "Tutamsubiri mwenye jina."

Robert akampigia simu tajiri wake. Haukupita muda akafika Saturnino, mwenye duka, jasho likimtiririka na shada la funguo likilia kiunoni.

"Mama, unanizuilia wateja! Wewe ni wa serikali?"

"Mimi ndiye nyanya wa huyo uliyemtundika."

Akajifuta uso, akatoka nje na simu yake. Nikamsikia akisema, "Njoo. Njoo sasa. Hapana, si mkaguzi. Ni mbaya kuliko mkaguzi."

Driciru alifika saa saba na nusu kutoka Arua, katika gari lenye nembo ya kampuni ya dawa. Akapiga magoti kunisalimu, nami nikauacha mkono wake hewani.

"Nyanya, ungenipigia simu."

"Ili upate muda wa kuja kusimama hapa? Unafanya kazi wapi, wewe?"

"Arua. Nazungukia zahanati, nawaonyesha dawa mpya za kampuni."

"Unagawa kalenda."

"Na kalamu," akasema, nusura acheke. Kisha akaona uso wangu. "Nyanya, nisikilize. Sheria inataka duka liwe na mfamasia. Mwenye duka hamtaki mfamasia. Analitaka jina lake. Wenzangu wengi niliomaliza nao wanafanya hivi. Ukisimama kaunta na kuwauliza watu maswali, wanakutukana, kisha wanavuka barabara kwenda kwa jirani asiyeuliza."

"Kwa hiyo umejikodisha kama masufuria ya matanga. Afadhali masufuria, yale hufika."

Saturnino akacheka. Nikamtazama, akaacha.

"Huyu hapa anaitaka rangi mbili," nikasema, nikimwonyesha Stella. "Mpe. Si ndilo jina lako linalouza?"

Driciru akalitazama tumbo la yule mwanamke. Hakugusa kopo. Akavuta kigoda, akaketi mbele yake.

"Mgongo inauma tangu lini, dada?"

"Siku tatu. Hapa, upande."

"Na ukienda haja ndogo?"

Stella akainamisha kichwa. "Inachoma. Usiku baridi inanishika, natetemeka."

Driciru akamgusa paji la uso, kisha akamshika mkono. "Hii si ya mgongo. Naogopa ni ya figo. Na ile rangi mbili inaweza kuharibu mifupa na meno ya mtoto humo tumboni. Usiimeze. Unakwenda hospitali leo, si kesho. Sema nimesema nini?"

"Leo."

"Na rangi mbili?"

"Hapana."

Akamwandikia karatasi, akamtafutia bodaboda, akamsindikiza hadi barabarani. Stella aliondoka bila kununua kitu.

"Dakika kumi na tano!" akalia Saturnino. "Na hajauza hata panadol! Mmeona? Ndiyo maana simtaki hapa."

Kwa miaka yote nilikuwa nimedhani kwamba kazi ile ni kuuza, na nikaidharau kwa sababu hiyo. Sikumwambia Driciru, maana sifa zikitolewa mapema huoza.

"Ama usimame chini ya jina lako," nikamwambia aliporudi, "ama ulishushe."

"Naweza kuja siku tatu kwa wiki."

"Na siku nyingine wagonjwa wamuulize nani? Kioo?"

Driciru akapanda kigoda, akaing'oa fremu kwenye msumari.

"Dada, unaniua!" akasema Saturnino. "Wakija wakaguzi nitafunga!"

"Basi nipe ufunguo wa kabati la dawa kali, na makopo yote yahamie humo. Siku nisipokuwepo, halifunguliwi. Robert atauza panadol na sabuni."

Saturnino aliutazama msumari, akaitazama fremu, akautoa ufunguo kwenye shada kama mtu anayeng'olewa jino. Driciru akaupokea, akairudisha fremu msumarini.

Sikurudi Adumi. Nililala kwa jamaa zetu, na Jumatano asubuhi nikaketi tena benchini, maana ahadi ya mbele ya nyanya ni rahisi kuliko kazi ya siku ya pili. Driciru alifika saa mbili. Kabla ya saa tatu alikuwa ametukanwa mara mbili. Mmoja alivuka barabara, kama alivyosema. Wa tatu alibaki akajibu maswali, ingawa kwa kununa.

Alhamisi, nikiwa bado benchini, Okuonzi akapiga simu.

"Mama, unasemaje? Ni kazi nzuri?"

"Si nzuri. Unaowaokoa wanakutukana, na tajiri wako angependa usifike kabisa."

"Basi Juliet aiache."

"Sikusema hivyo. Ajaze fomu. Nimeona watu wanavyopewa dawa mahali ambapo kazi hiyo haifanywi."

Alitaka kuniuliza zaidi, lakini nikaikata simu. Mwanamume mmoja mwenye sauti ya mnadani alikuwa ameanza kumfokea Driciru kwa nini anamuuliza juu ya mkewe, nami nilitaka kusikia atakavyomjibu.